Uwanja wa Jamhuri Dodoma unaingiza watu wangapi? Jibu la mtu aliyesimama getini

Mkuu, umeuliza Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma unaingiza watu wangapi na ni nyumbani kwa nani, maana unaandika orodha ya viwanja, na kila orodha uliyokutana nayo ina namba yake. Mimi naingia Jamhuri tangu niko sekondari, na kwa misimu kadhaa nimekagua tiketi getini. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Ukisikia Uwanja wa Mkapa ni watu 60,000, ujue ni viti 60,000. Kila mtu na kiti chake. Jamhuri, ukitoka jukwaa kuu ukaenda mzunguko, yaani majukwaa yaliyobaki, unakaa kwenye ngazi za zege, na zege halina namba. Tuchukue mfano wa uwanja wowote wenye mita 4,000 za kukalia. Ukimpa kila mtu nusu mita, wanaenea 8,000. Ukiwabana hadi sentimita 40, wanafika 10,000. Uwanja ni uleule, na aliyeandika 8,000 na aliyeandika 10,000 wote hawajadanganya. Ndiyo maana sikupi namba moja ya Jamhuri.

Mei 27, 2017 tulikuwa na fainali ya Kombe la Shirikisho palepale, Simba na Mbao FC. Nilifika asubuhi na mdogo wangu, tukakaa kwa nafasi, mfuko wa maji na karanga katikati yetu. Kufika saa nane mfuko ulikuwa mapajani, na katikati yetu kuna mzee wa Kondoa ambaye hatukumjua. Tulimpenda, lakini nafasi ile haikuwa yake wala yetu. Mechi ikaenda dakika 120, Simba wakashinda 2-1, na muda wote huo sikunyoosha mguu. Mwezi mmoja kabla, kwenye sherehe za Muungano, uwanja huohuo ulipokea umati wa namna nyingine kabisa, kwa sababu siku ya sherehe hata eneo la kuchezea linabeba watu. Ukisikia "Jamhuri ilijaa", uliza kwanza ilijaa kwa shughuli gani.

Getini hatukuhesabu nafasi za kukaa, tulihesabu vipande vya tiketi. Siku moja mzunguko ulijaa, tukaamriwa kufunga, na nje wamebaki watu wenye tiketi halali. Mama mmoja alikuwa na mtoto kavaa jezi mpya. Niliwarudisha mimi, kwa mkono wangu, na mpaka leo naumia. Kungekuwa na viti vyenye namba, tiketi ya mama yule isingeuzwa bila mahali pa kukaa.

Sasa nyumbani kwa nani. Wanaocheza hapo ni Dodoma Jiji, Walima Zabibu wetu, timu ya halmashauri ya jiji iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020. Lakini uwanja ni mali ya CCM, kama Kirumba wa Mwanza na Sokoine wa Mbeya. Klabu ni mpangaji, na mpangaji anaweza kuhama.

Tazama majirani zetu Singida. Uwanja wa Liti, ule tuliouzoea kwa jina la Namfua, ulikuwa wa Singida United mpaka waliposhuka daraja 2020. Wakaja Singida Big Stars, 2023 wakawa Singida Fountain Gate. Mwaka huohuo walipoingia Kombe la Shirikisho la Afrika, "nyumbani" kwao kulikuwa Chamazi, Dar es Salaam, kwa sababu uwanja kukubaliwa na Bodi ya Ligi hakumaanishi CAF, shirikisho la soka la Afrika, nao wameukubali. 2024 wakabaki na jina la Fountain Gate na kuhamia Babati, huku Ihefu ya Mbarali ikigeuka Singida Black Stars. Shabiki wa Singida hakuhama mtaa, ila timu yake imebadilika mara tatu. Orodha isiyotaja msimu inamkosea shabiki huyo.

Kwa hiyo kwenye orodha yako andika viti kando na ngazi kando, mmiliki kando na mpangaji kando, na msimu. Kama unakuja mechi, chukua mzunguko ukiwa kijana, ila beba kofia na kitu cha kukalia, zege la Dodoma saa tisa linaunguza. Ukija na mzazi, lipia jukwaa kuu.

Nami nitaomba ruhusa siku isiyo na mechi niingie na futikamba, nipime ngazi za mzunguko moja moja. Mita nitakazopata nitaziweka kwenye uzi huu.