Swali la lugha: Je, "uingiliaji wa kibinadamu" ni Kiswahili?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi katika shirika linalohudumia wakimbizi hapa Kigoma. Tunaandaa warsha, na bango letu linasema: "Uingiliaji wa kibinadamu na nafasi ya asasi za kiraia katika usuluhishi wa migogoro ya kimataifa." Mzee mmoja wa kamati alipolisoma alicheka, akasema neno la kwanza halifai kutundikwa mbele za watu. Mwenzangu naye anadai "usuluhishi" ungekuwa "upatanishi". Nani yuko sahihi, na tuandike nini?

Jibu: Marahaba. Mzee ana haki ya kucheka. Kitenzi "kuingilia" kikipewa mtu kuwa yambwa, yaani mtendewa, Mswahili huelewa jambo moja kabla ya mengine yote, lile linalosomwa mahakamani kwamba mshtakiwa "alimwingilia bila ridhaa yake". Ukiandika "majeshi ya kigeni yaliwaingilia raia" ukikusudia kwamba yaliwaokoa, umeandika shtaka.

Hata yambwa ikiwa jambo badala ya mtu, harufu ya lawama haiondoki. Tunasema kuingilia mazungumzo, kuingilia ndoa ya watu, kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Anayeingilia hakualikwa. Sasa ongeza "kati" uone. Anayeingilia kati, au anayeingia kati, amewakuta watu wawili wanashikana mashati, akajitia baina yao. Siku hizi tunasikia pia kwamba serikali imeingilia kati bei ya sukari, ambako hakuna wanaopigana, na matumizi hayo yameshazoeleka; sitapigana nayo. Lakini katika habari za vita, "kati" si pambo. Ukiliacha, umegeuza hukumu ya sentensi nzima.

Angalia Sheria iliyounda Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Lomé Julai 2000. Katika kifungu cha 4, aya ya (g) inaikataza nchi mwanachama kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Aya inayofuata, (h), inaupa Umoja wenyewe haki ya kuingia kati katika nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mfasiri akitumia "kuingilia" kwa aya zote mbili, msomaji ataona sheria inakataza mstari mmoja na kuruhusu mstari wa pili jambo lile lile. Anahitaji maneno mawili, na Kiswahili kinayo.

Ninyi wa Kigoma mmeshaona maneno haya yakigombaniwa jirani tu. Desemba 2015, Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliidhinisha askari 5,000 waende Burundi kulinda raia, likaipa serikali saa 96 ikubali, na kutaja ile aya ya (h) kama ingekataa. Rais Nkurunziza alijibu kwamba askari hao wakiingia bila idhini watahesabiwa kuwa wavamizi, na Warundi watapigana nao. Askari ni wale wale: Addis Ababa, makao makuu ya Umoja, iliona wanaingia kati, Bujumbura ikaona wanavamia. Mwezi uliofuata wakuu wa nchi walikutana, wakaamua kwamba jeshi haliendi bila ridhaa ya Burundi. Mwandishi wa habari aliyeandika wakati ule kwamba "Umoja wa Afrika kuingilia Burundi" huenda hakujua kwamba ameshachagua upande.

Wengine hawakulitaka neno hilo kabisa. Majeshi ya Idi Amin yalipoteka eneo la Kagera mwaka 1978, Mwalimu Nyerere hakuzungumzia kuingilia kati kokote. Alisema: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Kampala ilianguka Aprili 1979. Baadhi ya viongozi wenzake wa Afrika wakailaumu Tanzania kwa kuingilia mambo ya Uganda. Wataalamu wa sheria za kimataifa nao, kwa miaka mingi sasa, wanaitaja vita hiyo katika mifano ya dola kuingia kijeshi ikawaondolea watu mtawala muuaji, sambamba na India ilivyoingia Pakistani ya Mashariki mwaka 1971. Tanzania yenyewe ilisema inajihami.

"Kibinadamu" nayo inahitaji uangalifu. Katika "msaada wa kibinadamu" haina tatizo, kwa sababu msaada unajieleza. Lakini tunasema pia "makosa ya kibinadamu", yaani makosa ambayo binadamu yeyote anaweza kuyafanya. Kwa hiyo "uingiliaji wa kibinadamu" ni uingiliaji wa namna gani? Wa watu, si wa ng'ombe? Kiswahili hupenda kitenzi chenye mtendaji na kusudi: kuingia kijeshi ili kunusuru raia. Ni ndefu zaidi, ila inamlazimisha mwandishi aseme ni jeshi linaloingia, jambo ambalo lile jina zuri la kitaalamu hulificha.

Tuje kwa mwenzako. Kipimo changu ni yambwa. Unasuluhisha mgogoro, unapatanisha watu; kwa hiyo "usuluhishi wa migogoro" mlioandika si kosa. Huwezi kupatanisha mgogoro, ingawa kusuluhisha watu utakusikia, na si kosa. Tofauti hii ina uzito, maana mgogoro unaweza kusuluhishwa kwenye karatasi na wenye nao wasipatane. Zanzibar wanaijua habari hiyo kuliko wengi: vyama vya CCM na CUF vilitia saini mwafaka wa kwanza mwaka 1999, Jumuiya ya Madola ikiwa kati yao kama msuluhishi, na wa pili mwaka 2001 baada ya damu kumwagika. Waliposhika njia nyingine mwaka 2009, hawakurudia neno mwafaka. Waliita maridhiano.

Katika kazi rasmi, fuateni jina lililopo. Tanzania ina Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa migogoro ya kazi: msuluhishi huwasaidia wenye shauri wafikie makubaliano yao wenyewe, mwamuzi hutoa tuzo inayowafunga. Katika mazungumzo ya Burundi yaliyofanyika Arusha, Museveni ndiye aliyekuwa msuluhishi kwa niaba ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Benjamin Mkapa, kuanzia 2016, alikuwa mwezeshaji. Magazeti mengi yalimwita Mkapa msuluhishi tu. Si tusi, lakini vyeo hivyo havikuwa sawa.

Kuhusu "asasi za kiraia", sina ugomvi na neno; Tanzania limekaa, hata kifupisho AZAKI kinatembea. Tahadhari yangu ni kwamba asasi huleta picha ya cheti cha usajili na akaunti ya benki. Mapema miaka ya 1990, koo zilipokuwa zinauana Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, walioanza kuingia kati walikuwa wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao. Walianzia sokoni, wakahakikisha mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kufukuzwa. Kisha wazee wakavutwa, na mwaka 1993 wakatia saini azimio la Al-Fatah. Kamati ya amani iliyotokana na kazi hiyo ikaja kuigwa katika wilaya nyingine. Mapema 2008, Kofi Annan, Graça Machel na Mkapa walipokuwa mezani Nairobi na pande mbili zilizogombana baada ya uchaguzi wa Kenya, Dekha alikuwa miongoni mwa raia, wakiwemo majenerali wastaafu, waliokuwa wakihimiza amani nje ya chumba kile. Wanawake wa sokoni siku ile ya kwanza hawakuwa asasi. Kama warsha yenu inawahusu watu wa namna hiyo, wazee na viongozi wa dini, andikeni "raia na asasi zao".

"Ya kimataifa" pia ningeitoa. Vita vingi mtakavyovijadili ni vya ndani. Wa kimataifa ni wanaokuja kupatanisha.

Mimi ningeandika: "Kuingia kati ili kunusuru watu: raia na asasi zao wana nafasi gani katika upatanishi?" Kama bango limeshachapwa na fedha zimekwisha, bandikeni karatasi juu ya neno la kwanza, hayo mengine warsha itayavumilia.