Kabla hujagusa nembo ya mtu, nenda ghalani

Mdogo wangu uliyemaliza chuo na kurudi Mtwara na kompyuta yako, ukipata kazi ya kubadilisha nembo ya kampuni, siku hiyo usifungue programu yoyote. Vaa viatu, nenda ukaione nembo ya zamani mahali inapofanyia kazi. Mimi kazi yangu ya kwanza ya aina hiyo niliifanya mezani tu, chumbani kwangu Shangani, na ilirudishwa.

Kampuni yenyewe ilikuwa inanunua korosho ghafi na kubangua. Nembo yao ilikuwa na kanga aliyechorwa kwa mkono na fundi wa mabango miaka mingi nyuma, shingo imerefuka kupita kiasi, na jina la kampuni limemzunguka kwa herufi nyembamba. Nilimwona mbaya, nikamtoa. Mahali pake nikaweka korosho moja na jani, kijani inayong'aa. Mkurugenzi aliitazama kwenye simu akaipenda sana. Haukupita mwezi akanipigia: madereva wameuliza getini kama kampuni imeuzwa, na akina mama wabanguaji wana wasiwasi kwamba amekuja tajiri mpya. Watu wale walikuwa hawalitumii lile jina refu la kwenye leseni. Walikuwa wakisema "naenda Kwa Kanga". Kumbe nilichofuta ndicho kilichokuwa jina lao.

Jambo hili huwapata hata wakubwa. Mwaka 2009 Tropicana ya Marekani iliondoa kwenye maboksi yake ya juisi picha ya chungwa lililochomekwa mrija. Wanunuzi walilalamika, na haikumaliza miezi miwili kabla ya kutangaza kwamba inairudisha ile ya zamani.

Kwa hiyo anza na watu. Bosi atakueleza anachotamani, lakini mlinzi, mpakizi na mama wa chai ndio watakaokueleza kinachokumbukwa. Usiwaulize maswali ya kitaalamu. Wape karatasi na kalamu, waombe wachore nembo ya kampuni bila kuitazama. Mimi nilipofanya hivyo mara ya pili, karibu wote walichora kanga, wengine madoa yake tu. Lile duara la herufi hakulichora hata mmoja. Hapo nikajua cha kubaki na cha kuondoka, bila kubishana na mtu ofisini.

Na umtafute aliyechora ya kwanza, kama yupo. Nilimkuta mzee anapaka rangi kibao cha duka, nikampa shikamoo na kumweleza nilichotumwa. Nikamuuliza ile shingo. Akanijibu bila kuacha brashi: "Nilimchora kwanza kwenye mlango wa lori, mwanangu. Kitasa kilikuwa kinamkata kichwa, nikamwinua." Kile nilichokiita kosa kilikuwa kimepimwa kwa mlango wa lori. Tangu siku hiyo sichori nembo ya kampuni yenye magari kabla sijapima milango yao kwa futi.

Ghalani ndiko nilikojifunza zaidi. Kijana anatandika gunia, anaweka juu yake stensili ya bati, anapitisha sponji lenye wino. Gunia lina nyuzi nene, kwa hiyo mstari mwembamba unapotelea humo. Halafu kuna matumbo ya herufi, yaani ile nafasi ya ndani iliyozungukwa na mstari. Andika neno KOROSHO ukate kwenye bati: O tatu na R moja, matumbo manne yote yatadondoka chini, labda uyaachie vidaraja vya kuyashika. Madoa ya kanga nayo ni hivyo hivyo. Ukikata mwili wote uwe tundu, madoa hayana pa kushikilia. Nilikaa na tatizo hilo siku mbili, mwisho nikamgeuza: madoa ndiyo yakawa matundu, mwili ukabaki gunia lenyewe. Ukimtazama kutoka hatua kumi unamwona kanga mzima, japo hakuna aliyemchora ubavu wala tumbo. Hiyo ndiyo nembo waliyoikubali, na ilizaliwa na bati.

Rangi nitaieleza kwa ufupi. Simu inang'aa kwa mwanga, mtambo wa uchapaji unachanganya wino, na kuna kijani cha kwenye skrini ambacho wino haukifikii kabisa. Changu kilitoka kama jani la mkorosho lililopigwa vumbi la barabarani. Chapisha jaribio kwenye kitu chenyewe, iwe gunia, kofia au risiti, ndipo mteja aone. Nembo ichorwe kwa vekta, yaani kwa mistari inayokokotolewa na kompyuta badala ya vidoti vya picha, ili ikuzwe hadi ubavu wa lori bila kuchakaa. Programu ya Inkscape ni ya bure na inatosha. Na WhatsApp ukiituma kama picha wataipokea imebanwa. Itume kama dokumenti.

Muulize mteja pia kama nembo ya zamani imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Alama hulindwa kama ilivyoandikishwa, kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ukiibadilisha sana, mpya inahitaji maombi yake, na gharama hiyo aijue mapema, si baada ya kuchapa magunia.

Kuhusu pesa, jua msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba. Kabla ya hapo kampuni nyingi hazina fedha mkononi, ila magunia na stensili vinatakiwa viwe tayari mapema, na mzigo ukishaanza kuingia hakuna mwenye nafasi ya kukusikiliza. Hivyo kazi ikamilike kabla ya Oktoba, nusu ya malipo uipokee unapoanza, na tarehe ya nusu iliyobaki iandikwe mkiwa bado mnaelewana. Andika pia idadi ya marekebisho. Mimi huandika matatu.

Malipo yakikamilika, kabidhi ofisini nembo ya rangi, ya wino mweusi mtupu, na ya kukaa juu ya rangi nzito. Stensili usiiache mapokezi. Mpelekee yule kijana wa ghalani mkononi, usimame naye mpaka agonge gunia la kwanza.