Kisa Kisicho na Jina: Ushauri kwa Kikundi Kinachoanza Kuigiza Visa vya Hadhira

Vikundi vingi vinavyoanza kuigiza visa vya wanakijiji hudhani siri imeshatunzwa jina lisipoandikwa. Sivyo. Mahali watu wanapojuana, mtu hutambulika kwa mwandiko, kwa idadi ya watoto wake, kwa kazi ya mumewe, kwa msemo aliouzoea, hata kwa kuonekana akiandika huku wenzake wamekaa tu. Kila mwanya kati ya hiyo una namna yake ya kuzibwa.

Tuanze na karatasi. Kata A4 katikati, vipande vyote viwe sawa na kalamu ziwe za rangi moja. Kila aliyefika apewe, na kila aliyepewa arudishe, hata kama hana kisa. Ukisema "mwenye kisa aje achukue karatasi", umeshawaonyesha watu wote nani ana jambo moyoni. Asiye na la kusema aandike alichokula jana. Muhimu kila mkono uonekane ukiandika. Swali liwe moja na la wazi. "Ni lini ulitaka kusema jambo ukanyamaza?" huleta visa vyenye uhai kuliko "andika kuhusu ukatili wa kijinsia", ambalo huwafanya watu wakurudishie maneno ya semina. Waeleze mapema mambo matatu: kisa kinaweza kuigizwa, kinaweza kubadilishwa, kinaweza kuachwa. Atakayeweka alama ya X chini ya karatasi anamaanisha kisomwe tu, kisiigizwe.

Wasiojua kusoma na kuandika wanahitaji mwandishi kutoka kata nyingine, si mtoto wa mwenyekiti, si mhudumu wa afya wa hapo hapo. Akae pembeni, mbali kiasi cha kutosikika, na aite pia watu wachache wanaojua kuandika, ili kukaa mbele yake kusiwe alama ya kitu chochote.

Kibali cha mtendaji wa kijiji au kata ni lazima, lakini sanduku la kukusanyia karatasi lisikae ofisini kwake. Liwe na kufuli, na ufunguo ubaki kwa mtu mmoja asiye mkazi. Huyo husoma peke yake, kisha hunakili visa kwa mwandiko wake. Waigizaji wasizione karatasi za awali: mwalimu wa shule ya msingi aliyemo kikundini anaifahamu miandiko ya nusu ya kijiji bila hata kukusudia.

Katika kunakili, visa vigawanywe mafungu matatu: vinavyofaa, vinavyohitaji kubadilishwa, na visivyopanda jukwaani. Fungu la tatu ndilo zito. Kisa kinachoonyesha mtoto anaumizwa sasa hivi si malighafi ya igizo. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinakiukwa aripoti kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Kabla ya kugawa karatasi, kikundi kiwe kinamjua afisa ustawi wa jamii wa eneo, kilipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto. Hadhira nayo iambiwe mapema kwamba jambo la aina hiyo litapelekwa mbele. Kuahidi siri isiyo na mpaka, kisha kuivunja, ni kuwahadaa watu.

Sasa kubadilisha. Badilisha vitu vitatu: undugu, kazi na mahali. Mama mkwe awe shangazi, muuza samaki awe fundi cherehani, kisimani pawe shambani. Uti wa mgongo wa kisa, yaani nani alikuwa na nguvu, nani alinyamaza, na kwa nini, usiguswe. Kosa la kawaida hapa ni kubadilisha ovyo: unamfanya mhusika fundi cherehani, kumbe kijijini yupo mmoja tu, na sasa umemvisha aibu isiyo yake. Kazi unayochagua iwe ya watu wengi hapo. Majina yasitumike, "Dada", "Mzee" na "Bwana mdogo" yanatosha. Lafudhi ya kabila fulani isitumike pia.

Kwa kikundi kipya, kusanya visa wiki moja kabla ya onyesho. Kuigiza papo kwa papo kunapendeza, ila kunataka waigizaji waliozoeana kwa muda mrefu. Playback Theatre, aina ya maonyesho iliyoanzishwa mwaka 1975 jimboni New York, Marekani, na Jonathan Fox, Jo Salas na wenzao hufanya hivyo: mwenye kisa husimulia mbele ya watu, waigizaji wanacheza, kisha yeye mwenyewe hupewa nafasi ya kusema neno. Kwa kuficha jina tunapoteza nafasi hiyo ya mwenye kisa kurekebisha. Dawa yake ni kugawa karatasi tena baada ya onyesho, kwa watu wote kama mwanzo, ili mwenye kisa aweze kuandika "haikuwa hivyo". Kikundi kisichofanya hivi kinaweza kuigiza uongo mwaka mzima na kupigiwa makofi.

Visa vitatu kwa onyesho moja vinatosha, dakika nane hadi kumi kila kimoja, na mjadala uchukue muda mrefu kuliko maigizo. Anza saa kumi alasiri, siku isiyo ya gulio. Simu zisirekodi, litangazwe mwanzo na mtu mmoja asimamie.

Hatari kubwa ya uchezaji ni kichekesho. Mwanamume akivaa kanga na kukata mauno, mke anayepigwa anageuka kuwa mzaha, na aliyeandika kisa anaketi pale akisikia watu wakicheka maisha yake. Wanawake wachezwe na wanawake. Kipigo kisionyeshwe: ngoma ipigwe mara moja, wote wagande, kisha tumwone aliyebaki ameketi. Mkosaji naye apewe sababu zake, la sivyo hakuna mwanamume katika hadhira atakayejiona ndani yake.

Malizia igizo kabla ya suluhisho, kama alivyofundisha mwongozaji wa maigizo Augusto Boal wa Brazil, ili mtazamaji aingie achukue nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Hata mradi wa maigizo wa Malya, mkoani Mwanza, ambao wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioongozwa na kina Penina Muhando na Amandina Lihamba waliufanya mwaka 1982 na 1983, ulitegemea wanakijiji wenyewe kuyataja matatizo na kuyajadili.

Katika mjadala, mapema au baadaye mtu atapaza sauti: "Hiyo habari ya fulani!" Mwezeshaji asikubali wala asikanushe, hata kama anajua si kweli. Ukikanusha majina matatu ya uongo, siku ukinyamaza kwa la nne umeshalitaja. Jibu liwe lile lile kila mara: "Tunamzungumzia Dada wa kwenye igizo." Kisha mwelekee mtu mwingine na umuulize Dada angefanya nini. Waigizaji wasimtazame mtu yeyote usoni wakati huo, na wasiseme kamwe "mwenye kisa yupo hapa nasi".

Karatasi za awali na nakala zichomwe siku hiyo hiyo ya onyesho, mbele ya waliobaki. Za marekebisho mwenye ufunguo azisome usiku huo, kisha aziharibu, na kikundi kikutane kesho yake kuamua kisa kipi kichezwe upya.