Barua kwa Mwanangu: Ndege za Kwanza za Jeshi Letu

Pasiansi, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifikia kwa mkono wa binamu yako aliyeshuka jana na basi la Dodoma, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unasema mwenzako kazini amekuambia kwamba Jeshi la Anga la Tanzania lilianzishwa na Wajerumani, likalelewa na Wakanada, likapewa silaha na Wachina, na kwamba jeshi lililopita katika mikono mingi kiasi hicho haliwezi kuitwa letu. Unaniuliza kama hayo ni kweli. Umemuuliza mtu ambaye baba yake alishika spana chini ya mabawa ya ndege hizo, na ambaye alifundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo univumilie nikijibu kwa kirefu.

Mambo haya yanaanzia Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Tarehe 25 ya mwezi huo, baada ya Mwalimu Nyerere kulazimika kuomba msaada, makomando wa Kiingereza waliruka kwa helikopta kutoka manowari ya HMS Centaur iliyokuwa baharini, wakatua kambini, na uasi ukazimwa asubuhi hiyo hiyo. Nchi huru iliokolewa na mkoloni wa juzi, tena kwa vyombo vya angani, wakati yenyewe haikuwa na hata ndege moja ya kijeshi. Jeshi la zamani likavunjwa, askari wa Nigeria wakaja kushika ulinzi kwa miezi kadhaa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likiongozwa na Mirisho Sarakikya. Tangu siku za mwanzo ilieleweka kwamba nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba 940,000, ambayo barabara zake nyingi zilizama kwenye tope kila masika, haiwezi kulindwa kwa malori peke yake.

Waliokubali kutufundishia kikosi cha anga walikuwa Wajerumani wa Magharibi. Katika hili mwenzako hakukosea. Alichokiacha ni namna walivyoondoka, na hapo ndipo penye historia yenyewe. Zanzibar, baada ya Mapinduzi, ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na tulipoungana Aprili 1964 tuliurithi uhusiano huo pamoja na ubalozi wake. Serikali ya Bonn, yaani ya Ujerumani Magharibi, ilikuwa na msimamo wa kutokuwa na uhusiano na nchi yoyote inayowatambua ndugu zao wa Mashariki. Mwalimu alitafuta njia ya katikati, akaamua kwamba ubalozi wa Zanzibar ufungwe na badala yake Wajerumani Mashariki wawe na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Bonn haikuridhika. Februari 1965 iliondoa msaada wake wa kijeshi, wakufunzi wakaondoka, na kikosi kikabaki kama mtoto aliyeachishwa ziwa kabla ya wakati wake. Mwalimu akajibu kwa kuwaambia kwamba, kama msaada mmoja unatumiwa kutuelekeza nani awe rafiki yetu, basi na misaada mingine yote ya serikali yao waichukue.

Nilipokuwa nikifundisha, wanafunzi waliniuliza kila mwaka kama uamuzi ule ulikuwa wa busara au wa hasira. Sikuwahi kusitasita kuwajibu kwamba ulikuwa wa busara, ijapokuwa gharama yake, kama utakavyoona, ililipwa na watu wa ukanda huu wa ziwa kuliko wengine. Mtu anayeweza kukunyang'anya ndege kwa sababu hapendi mgeni wako, anaweza kukunyang'anya hata katikati ya vita.

Mwaka huo huo wa 1965 Canada ikakubali kushika nafasi ile kwa mkataba wa miaka mitano. Wakanada walileta wakufunzi, wakawachukua vijana wetu kwenda kusomea urubani kwao, na wakatuletea ndege za aina mbili zilizotengenezwa na kampuni ya de Havilland ya nchini mwao. Ya kwanza ni Otter, yenye injini moja, inayobeba watu kama kumi. Ya pili ni Caribou, yenye injini mbili na mlango mpana wa nyuma, inayoweza kubeba askari 32 au gari dogo. Sifa kubwa ya zote mbili ni kwamba hazihitaji lami. Zinaruka na kutua kwenye uwanja mfupi wa udongo au majani. Usiliangalie jambo hilo kama dogo. Ndege zetu za kwanza zilikuwa za kubeba askari, dawa, chakula na wagonjwa, na hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya kuangusha bomu.

Hapa ndipo anapoingia babu yako. Kabla ya jeshi alikuwa fundi wa injini za meli katika bandari ya Mwanza Kusini, mtu wa oili na moshi, na alipoandikishwa kwenye kikosi cha anga alidhani kazi itakuwa ile ile. Injini ya Caribou ina silinda 14 zilizopangwa duara kwa safu mbili, na alituambia kwamba mwezi wa kwanza kazi yake ilikuwa kufungua plagi, kuzisafisha, kuzipima na kuzirudisha, huku Mkanada amesimama nyuma yake bila kusema neno. Meli ikizimika ziwani, alisema, unatia nanga na kungoja. Ndege ikizimika, haina nanga. Kila alichofundishwa alikiandika katika daftari kubwa la mistari, jina la kifaa kwa Kiingereza upande wa kushoto, na upande wa kulia maelezo yake kwa Kiswahili alichokitunga mwenyewe pale ambapo neno halikuwapo. Kuhusu pangaboi peke yake aliandika kurasa sita. Ninayasema haya kwa sababu watu wakizungumzia jeshi la anga huwataja marubani, na ni haki yao kutajwa, lakini ndege moja angani ina watu wengi chini ambao hawakulala.

Mkataba wa Wakanada ulikwisha mwaka 1970, wakaondoka kwa amani, na kufikia wakati huo Wachina walikuwa wakijenga reli ya TAZARA na kulifundisha jeshi letu la nchi kavu. Lakini kabla kikosi cha anga hakijapata ndege za kivita, likatukuta la Septemba 1972. Wafuasi wa Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa, waliokuwa wamekimbilia kwetu walivuka mpaka kwenda kumng'oa Idi Amin, wakashindwa, naye akalipiza kisasi kwa ndege. Akaipiga Bukoba, kisha akaipiga Mwanza. Nilikuwa na miaka kumi na minne, tukiishi Kirumba. Nakumbuka bibi yako akitusukuma kwenda kwenye mapango ya mawe nyuma ya nyumba, akituhesabu kwa sauti, akikosea na kuanza upya. Babu yako alikuwa mbali, kazini, akitunza ndege ambazo zilikuwa za kubeba tu na hazikuweza kumzuia adui angani. Suala lile likamalizwa kwa mkataba uliosainiwa Mogadishu mwezi Oktoba. Hiyo ndiyo gharama niliyokutajia, na sijaisahau.

Baada ya hapo Wachina wakashika kazi. Walijenga kituo cha ndege cha Ngerengere mkoani Morogoro, wakawafundisha marubani wetu, wengine huko huko China, na katika miaka hiyo ya 1970 zikaja ndege za kivita: zile za Kichina zilizotokana na MiG-17 na MiG-19 za Kirusi, halafu MiG-21. Babu yako akafungua ukurasa mpya katika daftari lile lile. Safari hii, upande wa kushoto alichora herufi za Kichina kwa kunakili vibao vilivyobandikwa kwenye vifaa, mstari kwa mstari, kama mtoto anayejifunza kuandika. Kwa injini za jeti alilazimika kusahau karibu nusu ya aliyoyajua, na wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye watoto watano.

Ndipo Oktoba 1978 Amin akavamia Kagera. Wakati huo ndege zilikuwepo, na uwanja huu wa Mwanza, ambao wewe umeuzoea kwa ndege za abiria, ukawa kituo cha vita. Machi 1979, nikiwa mwanafunzi wa ualimu Butimba, tulisikia kishindo upande wa ziwa. Ilikuwa ndege kubwa ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin kwa kulipua ghala la mafuta la mjini. Mabomu yalikosea shabaha yakaangukia kisiwa cha Saanane, palipokuwa na bustani ya wanyama, na waliokufa ni wanyama. Tarehe 1 Aprili ndege zetu zikaruka kwenda kujibu, zikashambulia Kampala, Jinja na Tororo, yakiwemo maghala ya mafuta. Miaka sita na nusu baada ya mapango ya Kirumba, bibi yako alisimama uani akazisikia zikipita, na safari hii hakumhesabu mtu.

Nisingekuwa mkweli nikiishia hapo. Mwanzoni mwa vita hivyo, ndege zetu tatu za kivita zilizokuwa zikija Mwanza zilitunguliwa Musoma na askari wetu wenyewe wa ulinzi wa anga, waliodhani ni za adui. Huwezi kuwalaumu Wachina, wala Wakanada, wala Wajerumani kwa jambo hilo. Mwalimu wa kigeni anaweza kumfundisha rubani kuruka na mpiga mzinga kulenga, lakini kumwambia mpiga mzinga wa Musoma kwamba ndege zinazokuja ni za nduguye, hiyo ilikuwa kazi yetu. Babu yako alizifahamu ndege zile kwa namba zake. Alipopata habari alikaa siku mbili bila kuzungumza, na katika daftari, chini ya tarehe ile, hakuandika jina la kifaa chochote.

Kwa hiyo mwambie mwenzako kwamba orodha yake ya waalimu ni sahihi na hitimisho lake si sahihi. Mmoja tulimwacha aende kwa sababu ya masharti yake, wa pili alimaliza muda wake, wa tatu tulimchagua sisi. Na yule aliyeyashika kichwani mafunzo ya Wakanada na ya Wachina alikuwa fundi wa meli kutoka Mwanza Kusini, pamoja na wenzake ambao majina yao hayajaandikwa popote. Jeshi hilo ni letu kwa yale liliyoyaweza, na ni letu vilevile kwa ya Musoma.

Daftari liko ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda changu. Mchwa wamekula pembe moja, lakini maandishi yote yanasomeka. Ukija Desemba njoo na mtu anayesoma Kichina, kwani kuna kurasa nne ambazo babu yako hakuwahi kuzitafsiri, nami ningependa kujua zinasema nini.

Wasalimie wajukuu zangu.

Mama yako