Mwandishi naye ana kazi msibani

Swali la wiki: Je, kutunga hadithi, mashairi au maigizo bila malipo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kujitolea kwa jamii, sawa na kuchangia damu au kuzibua mitaro?

Ndugu Mhariri,

Kunaweza, ila si kila utungo. Tukijibu harakaharaka kila mtunzi atajipa cheo, na tunayo mashairi mengi ya kuhimiza usafi ambayo hayajamfaa mtu yeyote zaidi ya aliyeyatunga.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimestaafu, naishi Muheza. Kujitolea kwangu kwa kalamu hakuna jina kubwa: naandika wasifu wa marehemu. Ukitokea msiba mtaani, wapo wanaokimbilia turubai na viti vya kukodi, wapo wanaoshika daftari la michango, kina mama wanakusanya masufuria na kuni, vijana wanatangulia makaburini na majembe. Mimi naitwa pembeni na mtu wa familia, nakabidhiwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, ina tarehe tatu nne na orodha ya watoto. "Mwalimu, tutengenezee."

Mnajua wasifu unavyokwenda. Marehemu alizaliwa mwaka fulani katika kijiji fulani, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Akabatizwa, akapata kipaimara. Akaajiriwa, akastaafu. Akaanza kusumbuliwa na maradhi, akapelekwa hospitali hii, akahamishiwa ile, hadi mauti yalipomkuta. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Badilisha jina tu, unaweza kumzika mtu mwingine kwa karatasi ileile. Hospitali zinapata mistari mingi kuliko miaka sabini ya maisha.

Ndiyo maana karatasi ile naitia mfukoni, naelekea jikoni. Wanaume waliokaa kwenye viti watakupa vyeo vya marehemu. Habari zake wanazo wanaomenya viazi. Naomba kisu, namenya nami, nasikiliza. Jirani yetu mmoja alikuwa bibi muuza vitumbua. Karatasi yake ilikuwa na mistari michache sana: hakuwahi kuajiriwa, kwa hiyo familia iliona hakuna cha kusema. Jikoni nikaambiwa habari ya sufuria. Alikuwa na sufuria kubwa la ubwabwa, amelichora jina lake kitakoni kwa msumari, na karibu kila shughuli ya mtaa ule ilipikiwa humo, iwe harusi, maulidi au kipaimara, bila yeye kudai hata shilingi. Sharti lake lilikuwa moja: lirudi limesuguliwa kwa majivu mpaka jina lisomeke.

Nikayaandika hayo. Yaliposomwa, mama mmoja aliyekaa nyuma akaropoka, "Jamani, liko kwangu, nitalirudisha!" Watu wakacheka, mazishini, na mwanawe mkubwa, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaza uso akigawa majukumu, ndipo akaweza kulia.

Mtu atauliza: ubunifu uko wapi hapo? Si taarifa tu? Ubunifu uko katika kuchagua. Mwongoza ratiba amekupa dakika tano. Jua linawaka, mchungaji anaangalia saa, waliotoka mbali wanawahi basi. Utaanzia wapi, utaacha lipi, na sentensi zitakuwa fupi kiasi gani ili mpwa anayetetemeka azisome bila kukwama? Hilo linahitaji ufundi uleule wa hadithi fupi. Kuzua jambo, hapana. Na hapa ndipo penye ugomvi mwingi kuliko mnavyodhani. Wazee wa ukoo watakwambia uandike "ameacha watoto sita", na mtaa mzima unajua wapo wengine wawili wa mama mwingine, tena wamekuja, wamekaa mwishoni kabisa chini ya mwembe. Mimi sita siandiki. Nikishindwa kuwashawishi wazee nafuta idadi yote, naandika "ameacha watoto na wajukuu", na wale wawili nao wamo. Vivyo hivyo mlevi simgeuzi mtakatifu. Namtafutia jambo lake la kweli, na sijakutana na marehemu asiye nalo, hata likiwa ni kuziba pancha za baiskeli za watoto wa shule bila kuwadai.

(Majirani zangu Waislamu huzika upesi, mara nyingi hakuna nafasi ya karatasi. Wao hunikumbuka wakati wa maulidi ya madrasa, watoto wakitaka shairi la kumuaga ustadhi anayehama.)

Kutokana na kazi hii nimepata kipimo ambacho natumia kujibu swali lenu. Nauliza: wale unaowatungia wana nafasi ya kukukatiza? Mama wa sufuria alinikatiza, wazee wa ukoo wananikatiza kila mara, hata ninapowakatalia. Wakiwa nayo, unawatumikia. Wasipokuwa nayo unawahubiria, na mahubiri yana wenyewe.

Ngonjera, yale mashairi ya kujibizana, kwa mfano. Nimezifundisha miaka yote ya kazi na nazipenda, lakini tusemezane kweli. Mathias Mnyampala alizipa umbo tunalolijua, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wawaeleze wananchi siasa ile mpya. Ngonjera zikaingia madarasani na kwenye mikutano ya hadhara. Zilikuwa na kazi yake wakati wake. Ila umbo lenyewe lina ajuaye na asiyejua, na asiyejua ni lazima asalimu amri kabla ya ubeti wa mwisho. Hajawahi kushinda hata siku moja. Leo likija shirika lenye mradi wa vyandarua, watoto wanapewa ngonjera ileile, mgeni rasmi anapiga makofi, anapanda gari. Hakuna aliyemuuliza mama wa pale kwa nini chandarua chake amekizungushia bustani ya mchicha. Pengine angewaambia jambo ambalo mradi haukulijua.

Kuna waliofanya vingine. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando, walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Walikaa na watu, wakauliza kinachowakera, na lililojitokeza ni wasichana wadogo kupata mimba. Mchezo ukatungwa palepale pamoja na vijana wa kijiji, kwa ngoma zao, na ukimalizika mjadala unaanza. Kule Limuru, Kenya, mwaka 1977, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walijijengea jukwaa la wazi na kuisahihisha tamthilia iliyoandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, maana wafanyakazi wa mashamba na viwanda walizijua kazi zao na lugha yake kuliko profesa. Serikali ikaipiga marufuku baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huohuo, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Kwa hiyo mkilinganisha kutunga na kuzibua mitaro, kumbukeni kwamba sijasikia mtu aliyewekwa kizuizini kwa kuzibua mtaro.

Redio je, ambayo huwezi kuikatiza? Nayo inategemea. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulianza Radio Tanzania mwaka 1993, na tuliokuwa watu wazima wakati ule tunamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu aliyevumilia hata akachoka, akaanzisha biashara yake. Mchezo haukuficha lengo: uzazi wa mpango na UKIMWI. Mbinu yenyewe iliazimwa Mexico kwa Miguel Sabido, aliyeitumia kwenye tamthilia za televisheni miaka ya 1970. Watafiti walihakikisha kituo cha Dodoma hakiurushi mchezo huo kwa miaka miwili ya mwanzo ili wapate cha kulinganisha, na walikuta matumizi ya uzazi wa mpango yamepanda zaidi kule uliposikika. Sawa. Mimi nilichokipenda ni kwamba Mkwaju hakuwa asiyejua wa ngonjera. Hakuna aliyemshika akaungama haraka ili kipindi kiishe. Aliachwa aishi apendavyo mbele ya masikio yetu mpaka yakamkuta, na kwa muda wote huo sisi tulikuwa tunabishana juu yake vibarazani na dukani. Mabishano yale ndiyo yaliyokuwa nafasi yetu ya kukatiza.

Lakini nikiulizwa ni utunzi gani wa kujitolea uliokwenda ndani kuliko wote Afrika Mashariki, sitataja mchezo. Nitataja vitabu vya kumbukumbu vya Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati dawa za kufubaza virusi zilikuwa mbali na mtu wa kawaida, wanawake wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, walianza kuwaandikia watoto wao. Kila mama na kitabu chake: baba yako ni nani na tulikutana wapi, ulizaliwaje, ulipenda kula nini, ukoo wako ni upi na mizimu yenu iko kijiji gani, mimi mwenyewe nilikuwa msichana wa namna gani. Wengi wao hawakuwahi kujiita waandishi. Na kitabu hicho kilimlazimisha mama kuongea na mtoto kuhusu lile gumu kuliko yote, kwamba anaumwa, na kwamba siku moja mtoto atabaki na mtu mwingine. Msomaji mmoja tu, tena yuko palepale nyumbani, ana maswali. Sijui mtunzi gani wa riwaya amewahi kuandika chini ya macho makali kiasi hicho.

Kwa mfano huo nimeanza kuwafuata wazee wa mtaani na daftari wakiwa wazima. Si rahisi. Mzee mmoja fundi cherehani aliniuliza kama nimetumwa na mtoa roho. Akakubali kwa shingo upande, akasimulia mchana mzima huku anapinda suruali ya mteja, na nilipomsomea akaniamuru niifute habari ya ndoa yake ya kwanza. Nikaifuta. Kesho yake akamtuma mjukuu: "Babu anasema irudishe, ila usimtaje kaka yake." Nimeirudisha. Kaka mtu sijamtaja.

Mwisho kuna hilo neno lenu, "bila malipo". Msibani sichukui kitu. Nikipewa bahasha inakwenda kwenye daftari la michango. Kijana wa steshenari anayechapa lazima alipwe, maana wino na umeme ananunua. Risala ya harusi, hiyo natoza. Kamati ya harusi ina fungu la keki, la gari la maharusi na la mpiga picha wa kurusha droni, kisha mwalimu anaambiwa "tusaidie tu, wewe una kipaji". Walipe kama wanavyomlipa mwenye droni, tena kabla ya ukumbi kufunguliwa.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga