Majibu yakichelewa, mtaa hutoa ya kwake

Swali la wiki: Wakati wa janga, serikali ihukumiwe kwa wingi wa vipimo inavyofanya au kwa namna inavyowatuliza wananchi?

Ndugu mhariri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Goma, naishi Mabanga. Swali lenu nimekaa nalo wiki nzima, na nimeona haliwezi kujibiwa kwa upande mmoja kati ya hizo mbili. Kwangu mimi serikali ihukumiwe kwa muda unaopita kati ya kijiti kuingia puani mwa mtu na mtu huyo kuambiwa anaumwa au haumwi. Idadi ya vipimo inaweza kuwa kubwa na watu wakateseka. Utulivu nao unaweza kuletwa na hotuba nzuri huku watu wanazikana. Lakini majibu yanayofika kwa wakati hayaigizwi.

Niwaeleze yaliyotupata. Wiki ya mwisho ya Machi 2020 baba yangu mdogo alianza kukohoa. Ni seremala wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo: anachonga magurudumu ya mti, anayavisha mpira wa tairi kuukuu, anapigilia misumari. Rais alikuwa ametangaza hali ya dharura ya korona tarehe 24, Rwanda ilikuwa imeshafunga mpaka, na kila aliyekohoa alitazamwa. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyekwenda kituo cha afya kujieleza. Hakujificha. Kesho yake walikuja wauguzi wawili, wamevaa yale mavazi meupe ya plastiki, wakateremka barabarani na kutembea mpaka mlangoni, watoto wa avenyu nzima nyuma yao. Walichukua sampuli, wakaitia kwenye kisanduku cha baridi, wakamwambia abaki ndani, majibu yatakuja.

Wiki zile za kwanza, sampuli za korona za mikoani zilikuwa zinapelekwa INRB, Kinshasa, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 na barabara ya kukufikisha hakuna, ni ndege. Na ndege nazo zilikuwa zimepungua.

Tulisubiri siku tisa.

Mama mdogo anauza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, mbele ya nyumba. Siku ya pili beseni lilirudi ndani kama lilivyotoka. Akazikausha upya juani, siku ya tatu likarudi tena. Kijana wa kutuletea maji akawa anaacha madumu kwenye jiwe la nje, na franga anazipokea kwa mkono uliovishwa mfuko wa plastiki. Siku ya tano mteja aliyekuwa ameagiza chukudu mbili akatuma mtu kusema hazitaki tena. Zikabaki zimeegemea ukuta, moja haina usukani. Siku ya sita ndipo likaja neno kwamba tumemuuza baba mdogo kwa watu wa riposti, yaani kikosi cha kupambana na ugonjwa, eti familia inalipwa dola mgonjwa akikubali kuandikwa. Usiku huo mabati yalipigwa mawe, na mawe ya Goma mnayajua, ni ya volkeno, yana ncha.

Siku ya tisa simu ikalia. Hana korona.

Karatasi hatukupewa. Baba mdogo alikuwa ameshapona kikohozi siku nne nzima, na sisi hatukuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Ungetoka na kupita nyumba kwa nyumba kusema "hana", nani angekuamini? Mtaa ulikuwa umeshatoa majibu yake tangu siku ya pili. Wapo akina mama wawili wa avenyu ile ambao hadi leo hawanunui sambaza kwa mama mdogo.

Ndiyo maana mtu akiniambia serikali fulani ilipima maelfu, nauliza: na majibu waliyapata lini?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wa Goma tulikuwa tumeshaona inavyofanyika vizuri. Jumapili ya 14 Julai 2019 mchungaji mmoja aliingia mjini kwa basi kutoka Butembo akiwa na homa. Siku hiyo hiyo alipimwa, siku hiyo hiyo wizara ikatangaza kwamba Ebola imefika Goma. Mashine ya GeneXpert inatoa majibu ya Ebola chini ya saa mbili. Abiria waliopanda naye walitafutwa, wakachanjwa. Hofu ilikuwepo, nisidanganye, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Tarehe 1 Agosti Rwanda ilifunga mpaka kwa saa chache, wafanyabiashara wadogo wakajaa pale Petite Barrière, kivuko cha mpakani, na mabeseni yao kichwani. Lakini mji wa watu zaidi ya milioni moja uliishia na wagonjwa wanne tu. Katika janga hilo zima, lililokwisha 25 Juni 2020, walihesabiwa wagonjwa 3,470 na waliofariki 2,287, karibu wote nje ya Goma. Chanjo ilisaidia sana. Lakini mimi naamini kilichotusaidia pia ni kwamba uvumi haukupata muda wa kukaa: kabla mtu hajamaliza kuuliza "ni kweli?", jibu lilikuwa limeshatoka.

Miezi minane baadaye ukaja ugonjwa mwingine, na maarifa hayo yote yakawa kama hayakuwahi kuwepo. Wataalamu walikuwepo, mikono iliyozoea ilikuwepo. Hata vile vibanda vya kunawia mikono vilikuwa bado vimesimama njiani. Kitu cha kupimia ndicho kilichokuwa mbali.

Wapo watakaosema: hiyo ni habari ya mashine na pesa, msiilaumu siasa. Nimelifikiria hilo. Ni kweli kwamba mwaka 2020 dunia nzima ilikuwa inagombania vifaa vya kupimia, na nchi zenye pesa zilisimama mbele. Lakini kuamua kifaa kinachopatikana kiwekwe wapi kwanza, nani apande ndege, nani apigiwe simu na nani apewe karatasi, hayo ni maamuzi ya viongozi. Na wakati ule viongozi wetu walikuwa wanabishana juu ya nini? Kinshasa mjadala mkubwa ulikuwa kama rais alipaswa kuyaita mabunge mawili kabla ya kutangaza hali ya dharura. Rais wa Seneti, Alexis Thambwe Mwamba, alisema ilikuwa lazima. Mahakama ya Katiba ikaamua mwezi Aprili kwamba tangazo la rais halikuvunja Katiba. Sisemi hoja ile haikuwa na maana. Mwalimu wa uraia hawezi kuidharau Katiba. Nasema katika makelele yale yote sikumsikia hata mmoja, wa upande huu au ule, akiuliza mgonjwa wa Goma, wa Bukavu au wa Lubumbashi anasubiri siku ngapi.

Tena neno la serikali lilikuwa limeshalegea tangu mwanzo. Tarehe 10 Machi Waziri wa Afya, Eteni Longondo, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza ni Mbelgiji. Baadaye ikaelezwa kuwa ni Mkongomani aliyerudi kutoka Ufaransa. Kosa linaweza kumpata yeyote. Ila watu wa Kivu wana kumbukumbu ndefu. Mwishoni mwa Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilisema Beni na Butembo wasubiri hadi Machi 2019, sababu ni Ebola na usalama. Rais mpya akaapishwa Januari. Kura za watu wa Beni na Butembo hazikuingia katika hesabu ya urais, wakati makanisa na masoko yao yalikuwa wazi siku zote hizo. Vijana wa Beni walijipangia kura yao ya mfano, wakanawa mikono kwa foleni kabla ya kupiga, waonekane wanaweza. Baada ya hapo ukimwambia mtu wa kule kwamba ugonjwa upo, anakuuliza kwanza nani anafaidika. Ugonjwa ukishatumiwa mara moja kumnyima mtu haki yake, kipimo kinachofuata kinaonekana ni mtego.

Kuhusu wakubwa wa nje nitasema machache, maana swali lenu linawagusa na wao. Donald Trump alisema hadharani, Juni 2020 kule Tulsa, kwamba aliwaomba watu wake wapunguze kasi ya kupima, kwa vile ukipima sana unakuta wagonjwa wengi. Jirani yetu Tanzania, Rais Magufuli alieleza mwezi Mei mwaka huo huo kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri na zikatoka na korona. Mwezi huo huo takwimu zikakoma kutolewa zikiwa kwenye wagonjwa 509. Video ile ilizunguka kwenye simu za Goma nzima. Nilikuwa na wazazi wa wanafunzi walioifurahia, nami nikawaelewa, kwa sababu mtu aliyengojea majibu siku tisa yuko tayari kabisa kusikia kwamba vipimo ni uongo. Lakini kama unashuku mizani, rekebisha mizani, pima tena mbele ya mashahidi. Ukiivunja, sukari haijaacha kuwa na uzito. Tanzania yenyewe ilirudi kwenye njia ya wataalamu Aprili 2021, Rais Samia alipoteua kamati ya kuchunguza ugonjwa huo.

Na sisi? Agosti 2024 ikatangazwa dharura ya mpox, ugonjwa wa vipele uliokuwa ukiitwa homa ya nyani. Aina mpya ya kirusi chake ilianzia Kamituga, Kivu Kusini, ikapanda hadi kwenye kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji wetu. Katika darasa langu mtoto mmoja wa kike alikuja na vipele viganjani. Mama yake alijua la kufanya. Alimpeleka mara moja. Safari hii maabara ilikuwa hapa hapa Goma, majibu yakatoka baada ya siku mbili. Anao. Katika siku hizo mbili nilikuwa nimewatenganisha waliokaa naye dawati moja, nikazungumza na wazazi wao mmoja mmoja, na hakuna aliyerusha jiwe. Mtoto alirudi darasani baada ya wiki nne, makovu yakiwa bado ni mekundu, akakaa mahali pake. Tofauti kati ya huyo binti na baba yangu mdogo ni siku saba tu.

Januari 2025 vita vikaingia mjini. Kutoka kituo cha Mugunga peke yake walikimbia wagonjwa 128 wa mpox. Msalaba Mwekundu wa kimataifa ukaonya juu ya maabara ya INRB ya hapa Goma, umeme umekatika na ndani kuna sampuli za magonjwa makali, Ebola ikiwemo. Uwanja wa ndege ukafungwa. Tangu hapo mji uko chini ya AFC/M23, kundi lenye silaha linalopigana na Kinshasa, wizara iko Kinshasa, na katikati yao yuko muuguzi mwenye kijiti mkononi. Mimi si mtu wa kuwaamulia wanaobishana nani ni serikali halali. Nawaomba wote wawili kitu kimoja ambacho hakingojei mkataba wa amani: kila anayechukuliwa sampuli aandikiwe siku aliyoitoa na siku aliyojibiwa, na daftari hilo lisomwe na yeyote.

Juzi nilikwenda kituo cha afya cha kwetu kuuliza kama linaandikwa hivyo. Muuguzi wa zamu alinifungulia daftari lake. Kulikuwa na jina, umri, avenyu, tarehe ya sampuli, matokeo. Tarehe ya kujibiwa haikuwepo. Nilimwomba aiongeze. Alikaa kimya kidogo, akatoa rula kwenye droo, akavuta mstari mmoja ukingoni mwa ukurasa, kisha akafungua ukurasa uliofuata, akavuta mwingine.

Mwalimu, Mabanga, Goma