Dawa za OCD kwa mtoto, wiki tatu bado mapema

Pole sana dada, nimesoma kuhusu binti yako wa miaka 10 mwenye OCD, ule ugonjwa wa mawazo ya hofu yanayojirudia na kumlazimisha mtu arudie jambo fulani, kwamba ananawa mikono mpaka inachubuka, na kwamba yuko wiki ya tatu kwenye dawa ya fluoxetine, hamjaona badiliko na baba yake anataka muache. Msiache jamani. Hizi dawa kwa OCD zinachukua muda, wiki 6 mpaka 12 ndo unaanza kuona kitu cha maana, na daktari huwa anaanza na dozi ndogo anapandisha taratibu. Kukata ghafla bila kumwambia daktari ndo hatari. Cha kuangalia sana saa hizi ni mudi yake, akianza kuhangaika kupita kawaida, halali, au anaongea habari za kujidhuru, usisubiri siku ya kliniki, mpeleke hospitali hapohapo.

Ila dawa peke yake mara nyingi haitoshi, uliza ile tiba ya kumzoesha mtoto kukaa na hofu yake kidogo kidogo bila kunawa. Hospitali ya Muhimbili, Dar, wana idara ya magonjwa ya akili, anzia pale uulizie mwanasaikolojia wa watoto. Na nyumbani, najua hili linauma, akikuuliza tena na tena "mama, mkono msafi?" usiwe unamhakikishia kila mara, maana anatulia dakika mbili halafu hofu inarudi na nguvu zaidi. Huko kumhakikishia mkupunguze pole pole mkishirikiana na mtaalamu, bila kumfokea kabisa, hafanyi makusudi huyo. Bibi anayesema ni jini mueleweshe kwa heshima, akitaka kumuombea amuombee, dawa iendelee.